Kabla hamjapitisha utafiti wa saratani ya tumbo, ulizeni cheti cha seli

Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya afya na sayansi Nyanda za Juu Kusini, wakurugenzi wa vituo vya utafiti, wajumbe wa kamati za maadili, nanyi mnaogawa fedha za utafiti mkiwa Dodoma na Dar es Salaam

Wakubwa zangu, shikamooni.

Ninaandika kutoka Mbeya. Kazi yangu ni kuotesha seli maabara na kuwafundisha vijana kuziotesha bila kuziua. Ombi langu ni moja, nalitaja mapema ili mwenye haraka asihangaike kushuka hadi chini: msipitishe andiko la utafiti, msitoe shilingi, wala msimvishe mtu joho kwa kazi iliyofanyika kwa seli za saratani ya tumbo mpaka muone cheti cha vinasaba kinachoonyesha kwamba seli hizo ndizo zenyewe. Na kwa kuwa mtafiti wa huku hana pa kukipata cheti hicho kwa urahisi, mumwekee utaratibu wa kukipata.

Kwa asiye wa maabara, nieleze kidogo. Ukikata kipande cha uvimbe wa mgonjwa na kukitia kwenye chupa yenye chakula cha seli, kwa kawaida seli hudhoofika na kufa baada ya muda. Mara chache hutokea zikagoma kufa. Zinagawanyika, zinajaza chupa, unazihamishia chupa nyingine, nayo inajaa, na mambo yanaendelea hivyo miaka nenda miaka rudi. Uzao wote huo uliotokana na mgonjwa mmoja ndio ninaouita hapa ukoo wa seli. Mgonjwa mwenyewe huenda alizikwa zamani, lakini seli zake zimo kwenye mitungi ya nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, duniani kote.

Saratani ya tumbo ina koo zake maarufu. AGS ilitoka kwa mama wa miaka 54 nchini Marekani. KATO III ilitoka kwa mwanamume wa Kijapani, tena haikukatwa tumboni, ilipatikana kwenye maji yaliyojaa kifuani baada ya saratani kusambaa. MKN45 nayo ni ya Japani, kutoka kwenye ini la mama ambaye saratani yake ilikuwa imeshahamia huko. Wakorea wana zao, zinazoanza na herufi SNU, kwa jina la chuo chao kikuu cha Seoul. Na hizi seli zimefanya kazi kubwa. Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobeli mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria Helicobacter pylori na kuonyesha uhusiano wake na vidonda vya tumbo, na tangu 1994 Shirika la Utafiti wa Saratani la Kimataifa limemweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Lakini namna anavyoichokoza seli yenyewe ilionekana vizuri kwenye chupa za AGS: bakteria huyo anaidunga seli protini yake iitwayo CagA, na seli iliyokuwa imetulia inaanza kurefuka na kuchongoka chini ya hadubini. Nimewaonyesha vijana picha hizo, na hakuna somo linalowanyamazisha kama hilo. NCI-N87, ukoo wenye protini ya HER2 kwa wingi, umetumika sana kupima dawa ya trastuzumab, ambayo mwaka 2010 utafiti wa ToGA ulionyesha kuwa inawaongezea maisha wagonjwa wa saratani ya tumbo yenye protini hiyo.

Kwa hiyo siandiki kuzibeza seli za chupani. Ninaandika kwa sababu nyingine hazikutoka tumboni kabisa.

SGC-7901 na BGC-823 ni koo mbili zilizotumika kwa miaka mingi, hasa China, kama seli za saratani ya tumbo. Zilipopimwa vinasaba zikakutwa ni HeLa, yaani seli za saratani ya mlango wa kizazi zilizochukuliwa mwaka 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, kutoka kwa Henrietta Lacks, mama mweusi aliyefariki Oktoba mwaka huohuo. GES-1, ambayo watafiti waliitumia kama mfano wa seli za tumbo lisilo na saratani, nayo ni HeLa. Hebu litafakarini hilo: mtu analinganisha tumbo gonjwa na tumbo zima, anachora grafu, anaandika hitimisho, kumbe pande zote mbili ameweka seli za mama mmoja, na si za tumbo. MKN28 ilihesabiwa kuwa ya mgonjwa wake peke yake mpaka ikathibitika kuwa ni MKN74.

Inatokeaje? Kwa urahisi wa kutisha. HeLa inagawanyika takriban kila baada ya saa 24. Pipeti ikirusha tone, au chupa moja ya chakula ikitumika kwa seli za aina mbili, seli chache tu zinatosha. Baada ya majuma kadhaa wenyeji wamekwisha na mgeni ndiye mwenye nyumba, ila jina mlangoni ni lilelile la zamani. Kwa jicho hutatambua. Nimekaa kwenye hadubini miaka mingi, na bado nisingethubutu kuapa mahakamani kwamba chupa hii ni ya tumbo na ile ni ya mlango wa kizazi.

Tena si habari mpya. Mwaka 1966 Mmarekani Stanley Gartler aliwaambia wenzake mkutanoni kwamba koo 18 zilizodaiwa kutoka kwa watu mbalimbali zote zilikuwa na aina moja ya kimeng'enya cha G6PD, ile inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwamba huenda zote ni HeLa. Hawakufurahi kusikia. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Uholanzi, Horbach na Halffman, walihesabu makala 32,755 za kisayansi zilizotumia seli ambazo sizo. Nyingi ya makala hizo hazijafutwa. Zinaendelea kunukuliwa, na wanafunzi wetu wanazinukuu.

Sasa nije nyumbani. Mwanafunzi wa uzamili, wa chuo ambacho sitakitaja, alitaka kupima mchujo wa majani ya mti ambao wazee wa Rungwe huutumia kwa maumivu ya tumbo. Wazo zuri, na ndilo aina ya utafiti tunaopaswa kuufanya huku kwenye misitu na dawa za asili. Seli aliletewa na rafiki wa msimamizi wake. Zilisafiri kwa basi: chupa bapa ya plastiki iliyojazwa chakula mpaka shingoni, kifuniko kimezungushiwa plasta, ikawekwa ndani ya kikasha cha sponji pamoja na nguo, ikapanda Kitonga na kushushwa usiku stendi ya Nane Nane. Juu ya chupa mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: SGC, TUMBO. Hapakuwa na karatasi ya asili yake, wala namba ya kizazi, yaani zimeshahamishwa chupa mara ngapi, wala jina la maabara iliyozitoa. Binti wa watu alizilea vizuri. Umeme ukikatika usiku wa Juni, mnajua baridi ya Mbeya ilivyo, alikuwa anakuja kuifunga inkubeta kwa mablanketi. Alipata majibu: mchujo unaua seli. Akatetea tasnifu yake, akapita, na bango lake likapelekwa kwenye maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mti huo unaua saratani ya tumbo.

Haukupita muda mrefu nikaiona dawa hiyo sokoni Mwanjelwa, kwenye meza yenye mizizi na magome. Chupa za maji za nusu lita, zimejazwa kitu cha kijani kilichoiva kuelekea kahawia, na karatasi iliyotolewa fotokopi: TIBA YA SARATANI YA TUMBO, IMETHIBITISHWA MAABARA. Muuzaji hakudanganya kwa alivyoelewa. Alikuwa amelisoma bango.

Bango lilikuwa na kasoro mbili, na ya kwanza tutaendelea kuwa nayo hata tukipima seli zote za dunia. Kuua seli kwenye chupa si kutibu. Jiki inaua seli za saratani, tena haraka, na hakuna anayemshauri mgonjwa ainywe. Ya pili ndiyo ya barua hii. Nenda kwenye Cellosaurus, kanzidata ya koo za seli, ambayo haina malipo na inafunguka hata kwenye simu, andika SGC-7901. Onyo lipo pale juu kabisa, kwamba ukoo huu una tatizo na ni HeLa. Ingechukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Msimamizi hakutazama, mtahini wa ndani hakutazama, mtahini wa nje hakutazama, na kamati iliyopitisha andiko haikuwa na kisanduku kwenye fomu kinachouliza. Binti simlaumu hata kidogo. Alifanya kila alichoelekezwa, na hakuna aliyemwelekeza hilo.

Nawaelekea ninyi kwa sababu hiyo. Fomu ni zenu.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Kwenye vinasaba vya kila mtu kuna maeneo ambayo herufi chache hujirudia, na idadi ya marudio inatofautiana mtu na mtu. Ukihesabu marudio kwenye maeneo kadhaa unapata namba zinazomtambulisha mtu, na pia zinazotambulisha seli zilizotoka kwake. Unalinganisha na namba zilizomo kwenye kanzidata. Zikilingana kwa asilimia 80 au zaidi, seli zina asili moja. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya chupa moja ya seramu ya ndama tunayowalishia seli hizohizo, na seramu hamjawahi kutukatalia.

Na hapa ndipo ninapoona kitu ambacho mmekipita bila kukitazama. Kila Mtanzania anajua kwamba ubishi wa mtoto ni wa nani unaishia kwa Mkemia Mkuu. Kipimo kinachomaliza ubishi ule ni hikihiki: kuhesabu marudio, kwa sehemu kubwa kwenye maeneo yaleyale. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina wataalamu, ina mashine, na ina ofisi ya kanda hapahapa Mbeya ya kupokelea sampuli. Tunachohitaji ni makubaliano ya maandishi kati ya Mamlaka na vyuo, yenye bei ya utafiti, na fomu inayoruhusu sampuli isiyo ya kesi wala ya malezi. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inahusika, kwa hiyo wanasheria wenu wakae na wa kwao waandike vifungu. Jambo hili linahitaji kikao, halihitaji mradi wa wafadhili.

Kwenye fomu za maandiko ongezeni maswali: ukoo unaitwaje na namba yake ya Cellosaurus ni ipi, ulipatikana wapi, umepimwa vinasaba lini, umepimwa maikoplazma lini. Hili la maikoplazma nisilipite. Ni bakteria wadogo wasio na ukuta, penisilini haiwagusi, hawachafui chakula wala hawaonekani kwa hadubini ya kawaida. Kwa kawaida bakteria wakiingia, chakula kinageuka manjano na kupata ukungu, unajua kimechacha, unamwaga jiki unaanza upya. Maikoplazma haikupi ishara. Chakula kinabaki chekundu na kisafi, huku wadudu wakila chakula cha seli na kubadilisha namna zinavyojibu dawa. Kipimo chake ni cha PCR, yaani kunakili vinasaba vya mdudu mpaka vionekane, na mashine za PCR tunazo. Hili hata ruhusa ya mtu haihitaji, ila mkiliweka kwenye fomu litafanyika, msipoliweka halitafanyika.

Hata seli zilizo halali zina historia ya kujua. AGS imepimwa ikakutwa ni ya tumbo kweli, lakini mwaka 2007 ilitangazwa kwamba seli hizo zimebeba virusi vya parainfluenza aina ya 5 muda wote, navyo vinazima sehemu ya kinga ya seli. Anayetaka kuangalia jinsi seli ya tumbo inavyojikinga na Helicobacter pylori akitumia AGS bila kulijua hilo atapata majibu ya kushangaza na hatajua kwa nini. Mambo ya aina hii hayamo kwenye kibandiko cha chupa. Yanapatikana kwa kusoma, na msimamizi analipwa kusoma.

Jambo la ghala nitalisema kwa kifupi. Kila maabara sasa inatunza seli zake kivyake, nyingine kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri ambako seli zinachakaa taratibu. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimefanya tafiti kubwa za VVU na kifua kikuu kwa miaka, na kutunza sampuli kwenye baridi kali si jambo geni kwa wataalamu wa mji huu. Mtungi mmoja wa pamoja, wenye koo chache zilizopimwa na daftari moja, ungetosha kwa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Mwanafunzi anachukua kutoka hapo, anatumia vizazi vichache, anarudi kuchukua upya. Safari za usiku kwenye buti la basi zingekoma.

Najua atakayesema, na ni mtu ninayemheshimu: wagonjwa wetu wanafika hospitali wakiwa hawawezi tena kumeza uji, wamekunywa omeprazoli za duka la dawa mwaka mzima wakiambiwa ni vidonda vya tumbo, kipimo cha kamera kiko mbali na nauli hawana, wewe unatuletea habari za kupima seli za Wajapani. Duniani mwaka 2022 saratani ya tumbo iliua watu wapatao 660,000, na wengi walichelewa hivyohivyo. Nakubaliana naye kwamba shilingi ikiwa moja iende kwenye kamera. Lakini siombi shilingi mpya. Seramu, pipeti, posho na ada za utafiti wa seli mmeshazilipa, mtaendelea kuzilipa, na ninachosema ni kwamba sehemu yake inakwenda kwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyoandikwa tumbo. Na yule mama aliyenunua chupa ya kijani Mwanjelwa badala ya kupanda gari kwenda kupigwa kamera, kucheleweshwa kwake kulianzia kwetu maabara.

Liko swali kubwa zaidi, la siku ambayo tutaanzisha ukoo wetu. Koo zinazotajwa sana vitabuni zilitoka Japani, Korea na Marekani. Afrika ina maambukizi mengi ya Helicobacter pylori, ilhali saratani ya tumbo inayoripotiwa ni ndogo kuliko inavyotarajiwa, na wataalamu wamelibishania fumbo hilo tangu miaka ya 1990: wengine wanasema ni chakula, wengine aina ya bakteria, wengine kwamba hatupimi tu. Seli za mgonjwa wa Kyela au Ludewa zingekuwa na la kusema. Ila tukifika huko tusirudie ya nyuma. Henrietta Lacks hakuombwa ruhusa, na familia yake ilikuja kujua katika miaka ya 1970. Agosti 2023 ndipo warithi wake walipofikia makubaliano na kampuni ya Thermo Fisher Scientific, iliyokuwa ikiuza bidhaa za seli zake. Karibu na kwetu, ukoo wa Raji ulianzishwa mwaka 1963 kutoka kwa mtoto wa Nigeria, na Daudi mwaka 1967 kutoka kwa kijana wa miaka 16 wa Kenya, wote wagonjwa wa saratani ya tezi za limfu iitwayo Burkitt. Leo tukizitaka tunaziagiza Marekani au Ulaya kwa fedha za kigeni. Basi fomu ya ridhaa iseme wazi, kwa Kiswahili ambacho mtu wa kijijini anakisoma bila kutafsiriwa na nesi: seli zako zinaweza kuishi kuliko wewe, zinaweza kuvuka mpaka, zinaweza kuuzwa, na hiki ndicho utakachopata wewe au wanao. Akikataa, aendelee na matibabu yake bila kununiwa. Kamati za maadili zianze kuiandika fomu hiyo sasa, kabla hatujapata seli ya kwanza iliyogoma kufa, kwa sababu ikishapatikana kila mtu atakuwa na haraka.

Mwaka wa fedha unaanza Julai na maandiko mapya yanapokelewa kabla yake. Kikao cha vyuo, vituo vya utafiti na ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu kinaweza kufanyika Mbeya kwa siku moja. Yeyote kati yenu mwenye mamlaka ya kukiitisha na akiitishe. Nitakuja na rasimu ya maswali ya fomu, na orodha ya koo zote zilizomo kwenye mitungi ya maabara yetu, zikiwemo zile ambazo karatasi za asili yake hazipo, ili kipimo kianzie kwetu.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa maabara, Mbeya